Jino Lililonuna

Salha mwanangu,

Juma lililopita, tulipotoka kwa daktari wa meno pale Tegeta, uliniambia neno ndani ya bajaji nami sikukujibu. Nilimwambia dereva akate njia ya ndani kwa sababu ya foleni, nikatazama maduka ya vifaa vya ujenzi yakipita, tukafika nyumbani kimya. Labda ulidhani sikusikia kwa kelele za injini. Nilisikia. Ulisema, "Nilijua fizi zinatoa damu tangu Ramadhani. Sikukwambia, niliogopa utanuna."

Kesho unaondoka kwenda Njombe, kidato cha tano, miaka miwili ya bweni. Sasa ni alasiri. Umekwenda Kunduchi kumuaga bibi yako, na mimi nimekaa mezani nikijaribu kukujibu. Sitakuandikia habari za blanketi, wala za kufuli la tranka, wala za marafiki wa kuchagua. Mama yako mdogo amekuimbia hayo wiki nzima, tena kwa sauti. Mimi nina jibu moja tu, na siwezi kulisema bila kuanzia mbali.

Nilikuwa na umri wako nilipotema mate mekundu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimechutama nyuma ya nyumba ya Kunduchi na kikombe cha maji, napiga mswaki, povu likatoka na rangi ya juisi ya rozela. Bibi yako akanifungua mdomo kwa vidole vyenye harufu ya kitunguu, akachungulia magego ya chini upande wa kushoto.

"Hilo jino limenuna," akasema. "Usilisemeshe. Likiamua, litakaa sawa lenyewe."

Akanipa maji ya chumvi nisukutue, akaniambia upande ule nisiuguse kwa mswaki hadi damu ikome. Na damu ikakoma kweli. Upande usioguswa hautoi damu. Nikaamini.

Unamjua bibi yako. Hasemi hivyo juu ya meno tu. Sijui kama ni watu wote waliotoka Lindi au ni sisi peke yetu, lakini nyumbani kwetu mtu aliyenuna aliachwa, na mtu aliyekosewa alinuna. Nilipopata mimba yako, nimemaliza kidato cha sita na ufaulu wangu bado unasifiwa mtaani, hakunipiga wala hakunitukana. Majirani walikuja kungoja kelele, wakaondoka mikono mitupu. Sahani yangu iliwekwa kando ya mlango wa chumba, imefunikwa kwa kawa, na aliyeiweka alikuwa ameshaondoka kabla sijafungua. Mdogo wangu aliambiwa asijiingize. Kisha asubuhi moja, tumbo limeshaanza kuonekana, bibi yako aliniuliza kama chumvi imetosha kwenye mchuzi. Nikasema imetosha. Ikawa yamekwisha.

Hadi leo hatujawahi kuizungumzia mimba ile. Alikulea nilipokuwa chuo, alikubeba mgongoni akiuza samaki, na nadhani anakupenda kwa namna ambayo hakuweza kunipenda mimi. Lakini lile lililokuwa la kusemwa kati yetu halikusemwa, na likakaa hapo hapo. Simlaumu. Naye sijui ni nani aliyemsemesha alipokuwa binti. Nakuambia tu nilikojifunzia. Nilijifunza kwamba kununa ni adabu, kwamba ni njia ya mtu mwenye heshima ya kuumia. Nikawa mwanafunzi hodari, kama nilivyokuwa katika masomo mengine.

Upande ule wa kushoto sikuugusa vizuri tena. Ukiuma kidogo, nauacha. Ukitoa damu, nauacha zaidi. Nilisoma kemia, nikaajiriwa kupima maji ya visima. Ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika letu naujua ulivyotokea, ningeweza kuueleza darasani bila kitabu. Kwamba mate nayo yana madini yake, kwamba utando laini unaobaki kwenye jino usiposuguliwa hugeuka ugaga, na ugaga ukishakuwa jiwe mswaki hauuwezi, hayo nayo nilikuwa nimeyasoma mahali fulani. Sikuwaza kwamba yananihusu. Nilidhani yanawahusu watu wasiopiga mswaki.

Ndipo watu wakaanza kusogea mbali nami.

Mtu mwenye harufu ya mdomo haisikii mwenyewe, Salha. Anachokiona ni watu wakirudi nyuma nusu hatua anapoanza kuongea. Akivaa nguo iliyochanika nyuma ataambiwa na mpita njia, lakini la mdomo haliambiwi, kwa sababu kwetu ni tusi, na watu wema hawatukani. Getruda, yule mwenzangu wa maabara unayempenda kwa utani wake, alihamishia kiti chake karibu na feni akasema joto limezidi. Kwenye vikao peremende zilizungushwa zikianzia kwangu. Mimi nikatunga sababu. Hawanipendi kwa kuwa nimesoma. Hawanipendi kwa kuwa nina mtoto na sina mume. Nikaanza kula chakula cha mchana peke yangu, kisha nikaanza kujivunia kula peke yangu, nikajiambia kwamba watu wenye mawazo mengi ndivyo walivyo.

Wewe ulikuwa na miaka saba nilipokuchukua kutoka Kunduchi uje tuishi wote hapa. Ulikuwa hulali bila bibi yako, kwa hiyo ulilala kitandani kwangu. Asubuhi moja uliamka kabla yangu, ukasogeza uso wako hadi pua zetu zikagusana, ukaniuliza kwa uchungu wa kweli:

"Mama, umekula dagaa bila mie?"

Leo naweza kucheka. Hukuwa unanisema. Ulidhani umedhulumiwa dagaa. Lakini nilielewa yote kwa mara moja, kiti cha Getruda, peremende, nusu hatua za watu, na badala ya kukujibu nilinyanyuka nikaenda kuoga. Jioni nilikuwekea chakula mezani, nikakifunika, nikaingia chumbani. Kesho yake vilevile. Nilijua ninachokifanya, nilikuwa nimekiona kinavyofanywa. Sikumbuki zilikuwa siku ngapi, na sithubutu kukuuliza kama wewe unakumbuka.

Kisha ukaja ukasimama mlangoni pa jiko, umevaa sare, kola imejikunja ndani. Ulisema, "Mama, nilikosea. Hukula dagaa. Hunuki." Ukanivuta mkono niiname. Ukaleta uso wako karibu na wangu, ukavuta pumzi kwa nguvu ili nione, ukatabasamu.

Nikatabasamu nami. Nikakuuliza kama umeshachukua daftari la hesabu. Ikawa yamekwisha.

Ulikuwa na miaka saba, na ulikuwa umejifunza kusema uongo ili usemeshwe. Hilo ndilo ninalolitazama kila ninapopiga mswaki, hata sasa, hata upande ukiwa umepona.

Ungedhani baada ya kujua ningekwenda kutibiwa. Nilikwenda kujificha. Nilianza kuongea huku natazama dirishani. Nikalala nimeelekea ukutani, na ulipohamia chumba chako nilisema umekuwa msichana mkubwa. Nikaanza kufunga sunna, Jumatatu na Alhamisi, kwa sababu aliyefunga haulizwi habari za kinywa chake. Tunaambiwa harufu yake ina heshima mbele ya Mungu. Ofisini wakanisifu. Nilipoona inasaidia nikaongeza siku, mpaka Getruda akanikamata. "Sista, siku hizi sunna imehamia Jumatano?" akasema, na maabara nzima ikacheka, na mimi nikacheka nimejifunika mtandio. Niliitumia ibada kama mtu anayetumia pazia. Sijui kama funga zile ziliandikwa popote. Barakoa zilipokuja wenzangu walilalamika kwamba hawapumui. Mimi nilipumua.

Mwishowe jino lenyewe ndilo lililoshindwa kungoja. Nilikuwa natafuna kashata, gego moja likacheza kama mguu wa meza mbovu. Ufizi ulikuwa umevimba, nikiubonyeza unatoa usaha. Nilimpigia bibi yako simu. Akasema meno ya ukoo wetu huondoka mapema, yeye mwenyewe ninamwona alivyobaki na mapengo, na nisithubutu kwenda kukwanguliwa hospitali kwa sababu wakikwangua jino moja hulegea yote. Nilikwenda kwa kuwa maumivu hayakuniachia nafasi ya kuwa mtoto mtiifu.

Daktari alikuwa yuleyule uliyemwona wewe, mdogo kwangu kwa umri. Aliniuliza kwa nini upande wa kushoto una ugaga mwingi kuliko wa kulia. Nikamweleza kwamba upande ule hutoa damu, hivyo huwa nauacha.

"Unatoa damu kwa sababu unauacha, dada," akasema.

Hakusema kwa dharau. Aliendelea kuandaa vyombo vyake. Lakini mimi niliyelala pale kwenye kiti, taa machoni, mdomo wazi, nilihisi kama mtu ameingia nyumbani kwetu Kunduchi na kuwasha taa katika kila chumba.

Siku hiyo alisafisha juu juu. Unajua ile mashine inavyolia na maji yanavyokujaa kooni. Kwangu ilikuwa ni kubomoa. Vipande vilianguka kwenye bakuli vikilia kama changarawe, na kimoja alinionyesha, cheusi upande mmoja, cha kahawia upande wa pili. Kilikuwa kimelala chini ya ufizi, akasema, na ufizi ulikuwa unakikimbia taratibu mwaka hadi mwaka, na mfupa nao ukikimbia.

Nilipofika nyumbani nikapitisha ulimi. Kulikuwa na mapengo kati ya meno ambayo sikuyajua. Maji ya baridi yalinichoma hadi sikioni. Nilipojitazama kwenye kioo meno yalikuwa yamerefuka, kama ya mzee, na nikiyagusa yote yanacheza. Nikajua bibi yako alisema kweli. Nimekwanguliwa, yamelegea. Siku ya kurudi ilipofika sikwenda. Simu ya zahanati ilipoita sikupokea. Ndiyo, Salha, nilimnunia daktari.

Akapiga tena kwa namba yake mwenyewe. Sikuijua, nikapokea. Hakuniuliza kwa nini sikufika. Aliniuliza, "Ni maji ya baridi au ni mapengo?" Naye akangoja, nasikia watu wakiongea nyuma yake. Mwisho nikasema ni mapengo. Akanieleza kwamba meno hayakulegezwa na kusafishwa. Yalikuwa yamekwisha kulegea siku nyingi, ugaga ndio uliokuwa umeyafunga pamoja, kama saruji mbovu inayoshikilia tofali ambalo halina msingi tena. Nililolizoea kwa ulimi nikadhani ni jino lilikuwa jiwe. Uvimbe nao ulikuwa umepungua, ndiyo maana yanaonekana marefu. "Njoo tumalize chini ya ufizi," akasema, "tukiachia hapo tumefanya kazi ya bure."

Nilirudi. Nilichomwa sindano za ganzi, tukasafisha mizizi upande mmoja, siku nyingine upande mwingine, na lile gego la kashata likang'olewa kwa sababu halikuwa na kilicholishika. Nilimuuliza kama ufizi utarudi juu kama zamani. Akasema ufizi utakaza, damu itakoma, harufu itakwisha, lakini mfupa ulioliwa haurudi. "Tunaokoa kilichobaki," akasema. Ndiyo maana hadi leo naenda kwake kila baada ya miezi kadhaa.

Ila nikikumbuka matibabu yale, kinachonijia kwanza ni ile simu. Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini, na hakuna mtu aliyewahi kunisemesha nikiwa nimenuna. Sikujua kwamba inawezekana. Sikujua kwamba mtu aliyenuna, ndani yake, anasikiliza hatua za kila anayepita mlangoni.

Nilipona na hakuna aliyeniambia nimepona, kama ambavyo hakuna aliyeniambia naumwa. Siku moja Getruda aliinama begani kwangu kusoma majibu ya maji ya kisima fulani, akakaa hapo, akasoma yote, akanitania kuhusu mwandiko wangu. Nilienda chooni nikalia. Nilitaka kuja nyumbani nikuambie, wewe hasa, niiname nawe uvute pumzi. Nilikukuta chumbani mlango umefungwa. Nikagonga, ukasema, "Niko sawa tu, Mama," na sikuwa nimeuliza.

Ndipo nikaanza kuona. Kila swali langu lilijibiwa "sawa tu." Shule, sawa tu. Tumbo, sawa tu. Ulipovunja ungo ulimwambia mama yako mdogo, na yeye akanipigia simu kunipa habari ya binti aliyelala chumba cha pili. Nilikuwa na kinywa safi na hakuna aliyekuwa karibu. Tuliishi kwa amani sana, mimi na wewe. Wageni walitusifu kwa utulivu wa nyumba yetu. Mimi niliusikia utulivu ule kama mtu anavyosikia bomba linalovuja ndani ya ukuta.

Kisha mwezi huu nikakuta rangi ile kwenye sinki. Hukusuuza vizuri. Nilisimama pale na kikombe changu mkononi nikajua kwamba unafanya kama nilivyofanya, unauacha upande, na kwamba aliyekufundisha siye bibi yako. Nilikuamuru tuende, kwa sauti kali kuliko nilivyokusudia, nawe ukavaa viatu. Daktari alipotuambia kwamba kwako ni mwanzo kabisa, fizi zimevimba tu, mfupa ni mzima, akakusafisha kwa mara moja huku mnacheka kuhusu baridi ya Njombe, nilikaa kwenye benchi nikiwaonea wivu nyote wawili. Hukuwa umecheka hivyo na mimi.

Halafu bajaji. Halafu neno lako.

Jibu langu ni hili. Ulikuwa na haki ya kuogopa. Sitakuambia kwamba hukupaswa, wala kwamba mama ni mama na ungesema tu. Uliwahi kusema, na unajua kilichotokea. Ulijilinda kwa njia uliyofundishwa, na uliyefundishwa naye ni mimi. Fizi zako zitapona zote. Amesema daktari, na mimi nimeziona. Kuhusu mimi na wewe sina wa kuniambia kama bado tuko mwanzo au kama kuna kilichokwisha kuliwa. Nadhani kipo. Nadhani kuna Salha wa miaka minane, tisa, kumi, ambaye sikumjua kwa sababu nilikuwa naangalia dirishani, na huyo harudi. Nisingependa kumpoteza na huyu wa kumi na sita kwa kungoja anisamehe kimyakimya huko Njombe, kisha arudi likizo aniulize habari ya chumvi.

Huko utakuwa na wasichana wengi chumba kimoja. Utamkuta mmoja ambaye wenzake wanarudi nyuma nusu hatua. Sikufundishi la kufanya. Wewe una moyo mwepesi kuliko wangu. Nakuambia tu ukimwona, kwamba ndani anazihesabu hatua hizo.

Barua hii nilipanga kuificha katikati ya mashuka yako, uikute ukiwa umeshafika, mbali nami, mahali ambapo nisingeuona uso wako ukiisoma. Nimefika hapa ndipo nimeona kwamba hiyo nayo ingekuwa sahani iliyofunikwa mlangoni. Nasikia sauti yako nje, unamweleza jirani bibi yako alivyolia na alivyokataa kwamba analia. Kwa hiyo nakupa mkononi sasa, kabla hujavua ushungi. Kaa uisome hapa. Mimi sitaondoka chumbani, hata usiponitazama, na usinisamehe upesi kama ulivyofanya mlangoni pa jiko. Ukiwa na la kuniuliza, au la kuniambia ambalo umelifunga miaka yote, lianze popote, hata vibaya. Tunayo jioni yote. Basi la Njombe ni la alfajiri.